Sarafu na Mahali Pake: Detekta na Malikale za Pwani



Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kwenye pwani ya magharibi ya Pemba, wanaakiolojia walikuta akiba ya pesa iliyofukiwa tangu zama ambazo mji ule ulikuwa hai. Zilikuwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, zenye majina ya watawala wa huku kwetu. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu zilizokuja kutoka mbali, baadhi zikiwa za makhalifa wa Kifatimiya waliotawala Misri. Sarafu zetu za fedha hazikuandikwa mwaka. Dinari za kigeni ziliandikwa. Kwa kuwa vyote vilifukiwa pamoja, kwa mkono mmoja, dinari zikazitolea ushahidi sarafu za fedha: pesa hizi zote zilikuwa mikononi mwa watu katika karne ya 11.

Mmoja wa watawala waliotajwa kwenye fedha zile ni Ali bin al-Hasan. Jina hilo si geni kwenu. Ndilo lililoandikwa kwenye sarafu nyingi za shaba zilizopatikana Kilwa Kisiwani. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alimweka mtawala huyo karibu na mwisho wa karne ya 12, na kwa ushahidi aliokuwa nao hakuwa na sababu kubwa ya kusema vingine. Dinari za Mtambwe zikamrudisha nyuma kwa zaidi ya miaka 100. Historia ya utawala wa Kilwa ikasogea karne nzima kwa sababu dhahabu na fedha zilikutwa zimelala pamoja.

Sasa tuseme akiba ile ingepatikana usiku, na mtu mwenye mashine ya kutafutia metali. Dhahabu ingefika kwa sonara kabla ya jua kuchomoza na ingekuwa imeyeyushwa kabla ya adhuhuri. Vile visarafu vya fedha vyenye kutu vingebakia shimoni au vingetupwa njiani. Hata kama baada ya miaka mtu angeviokota na kuvipeleka makumbusho, visingeweza kusema kitu, kwa kuwa shahidi wake angekuwa tayari bangili.

Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Sarafu ya kale hupata sehemu kubwa ya thamani yake kutokana na mahali ilipolala na vitu ilivyolala navyo. Mashine ya kutafutia metali, ambayo wachimbaji wetu wadogo huiita detekta, inaweza kuuvunja ujirani huo upesi kuliko chombo chochote. Na mashine hiyohiyo, mikononi mwa watu wenye adabu ya kazi, inaweza kutufunulia mambo ambayo jembe na mwiko visingeyafikia hata kwa miaka mingi.

Tuanze na mashine yenyewe, maana watu wengi huiogopa au huitegemea kuliko inavyostahili. Ndani ya ile sahani ya chini mna koili ya waya. Mkondo wa umeme unaobadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde hupita ndani yake na kuzalisha uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikuta kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, nayo mikondo hiyo hutoa uga wake wenyewe. Koili ya pili huupokea mwitikio huo na mashine ikalia. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri, chuma huitikia kwa namna nyingine, na kwa kupima tofauti hizo mashine hukisia ni metali gani iliyo chini. Inakisia tu. Kizibo cha soda na msumari uliopinda vimewachimbisha watu mashimo mengi sana.

Kwa sarafu moja ndogo, mashine za kawaida husikia kina cha sentimita 20 au 30 hivi. Zaidi ya hapo ni bahati, au ni maneno ya muuzaji. Udongo wetu mwekundu wenye madini ya chuma huzisumbua, na mchanga uliolowa maji ya chumvi huzisumbua zaidi. Wanaotafuta vidani ufukweni hutumia aina nyingine ya mashine, inayotuma umeme kwa mapigo mafupimafupi na kusikiliza kati ya pigo na pigo.

Chanzo cha detekta ni cha huzuni kidogo, na kinafaa kukumbukwa. Julai 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza haraka chombo cha kutafuta risasi mwilini mwa mgonjwa. Hakuipata. Chuma cha kitanda kilivuruga sauti, na daktari aliyesimamia alimruhusu apime upande wa kulia tu, ambako yeye aliamini risasi ipo. Ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Miaka 60 baadaye, ofisa wa jeshi la Poland, Józef Kosacki, alibuni mashine ya kubeba mkononi ya kutafutia mabomu ya ardhini, iliyotumika El Alamein mwaka 1942. Baada ya vita ujuzi ule ukaingia mitaani, na mashine zikaanza kulia mashambani.

Nchi ambayo jambo hili limeota mizizi kuliko nyingi ni Uingereza. Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne huko Suffolk, mzee mmoja mstaafu, Eric Lawes, alikwenda na detekta yake kwenye shamba la rafiki yake. Walikuwa wanatafuta nyundo ya mkulima iliyopotea. Mashine ikalia, akachimba, akatoa vijiko vya fedha, vidani vya dhahabu na sarafu. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tungeona gumu: akaacha. Dhahabu ilikuwa bado inaonekana chini, naye akaacha, akatoa taarifa. Kesho yake wanaakiolojia walifika na kuendelea na kazi.

Kilichopatikana ni sarafu 14,865 za Kirumi na karibu vitu 200 vya fedha na dhahabu, sarafu za mwisho zikiwa za mwaka 407 au 408, miaka ambayo utawala wa Roma kisiwani humo ulikuwa unaporomoka. Lakini nawaomba msizitazame sarafu peke yake. Kwa kuwa udongo ulitolewa taratibu, ilijulikana kwamba mali ile ilikuwa ndani ya sanduku la mbao. Mbao zilikuwa zimeoza, ila bawaba zilibaki mahali pake. Ndani ya sanduku kubwa mlikuwa na visanduku vidogo vyenye makufuli madogo ya fedha. Vyombo vilikuwa vimepangwa, vingine vimefungwa kwa nguo na kuwekewa nyasi visikwaruzane. Kwa hiyo tunajua jambo ambalo hakuna sarafu ingelisema: aliyefukia hakuwa mwizi anayekimbia. Alipanga, akafunga, akafukia akiwa na nia ya kurudi. Hakurudi. Lawes alilipwa zawadi ya pauni milioni 1.75, akagawana na mwenye shamba. Hata ile nyundo ilipatikana, nayo iko British Museum.

Waingereza walijifunza kwa uchungu pia. Katikati ya miaka ya 1980 hekalu la Kirumi huko Wanborough, Surrey, liliporwa usiku kwa usiku, maelfu ya sarafu yakatawanyika sokoni. Ghadhabu iliyofuata ni moja ya mambo yaliyozaa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996. Anayepata kitu kinachohesabika kuwa hazina anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 14. Makumbusho ikikitaka, thamani hukadiriwa, na zawadi hugawanywa kati ya aliyekipata na mwenye ardhi. Sambamba na sheria hiyo, kuanzia mwaka 1997 waliwekwa maofisa wilayani ambao kazi yao ni kupokea na kuandika hata vitu vidogo visivyo hazina: kifungo, pini, sarafu moja ya shaba. Vitu vilivyoandikwa vimeshapita milioni moja.

Hata hivyo sheria nzuri haiondoi tamaa. Mwaka 2015 watu wawili walipata akiba ya zama za Waviking karibu na Leominster, Herefordshire, wakaificha na kuanza kuiuza. Inakadiriwa zilikuwamo sarafu zipatazo 300. Walipohukumiwa mwaka 2019, zilizokuwa zimepatikana zilikuwa 31 tu. Baadhi yake zinaonyesha mfalme Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia wakiwa wamekaa bega kwa bega. Huyo Ceolwulf, waandishi wa baadaye walimdharau kama kibaraka, na sarafu zinamwonyesha kama mshirika. Kipande hicho cha ukweli kiliponea chupuchupu. Zile nyingine zingesema nini, hilo limekwenda na waliozinunua.

Najua kuna atakayeuliza: kama Waingereza wameruhusu, kwa nini sisi tusiruhusu vivyo hivyo? Jibu langu liko ardhini. Mashamba mengi ya Uingereza yamepigwa plau kwa karne nyingi. Tabaka la juu limekwishavurugwa, na sarafu iliyomo humo mara nyingi imeshang'olewa kwenye makazi yake. Kuiokota na kuandika mahali ilipotoka kunaweza kuwa uokoaji. Huku pwani hali ni tofauti kabisa. Chukueni Songo Mnara, mji uliokaliwa kuanzia karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, kisha ukaachwa. Kuta zimeangukia ndani ya vyumba, na chini ya kifusi hicho sakafu ziko palepale. Katika sehemu nyingi kina chake ni kifupi. Maana yake ni kwamba umbali ambao detekta inasikia ndio umbali wa kutoka majani hadi kwenye sakafu ambazo hazijaguswa tangu watu wa mwisho walipotoka mlangoni. Shimo la dakika 10 hutoboa chumba cha miaka 600.

Na sarafu zetu, za shaba hasa, zinahitaji sakafu hizo kuliko sarafu za karibu taifa lolote. Mmeziona. Upande mmoja pana jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimeandikwa kwa vina. Nasimama mbele ya watu wa pwani, sina haja ya kueleza uzuri wa jambo hilo: pesa ya sokoni yenye vina! Lakini hazikuandikwa mwaka. Bila tabaka la udongo, bila kigae kilichokuwa ubavuni, hatuwezi kumpanga mtawala huyu mbele au nyuma ya yule.

Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, walichimba Songo Mnara kuanzia mwaka 2009 na kuandika kila sarafu ilipolala. Ndani ya nyumba moja walikuta akiba ya sarafu za shaba zaidi ya 300. Nyingine zilikuwa zimetapakaa moja moja, na hapa ndipo mimi ninapostaajabu zaidi: baadhi zilikuwa makaburini. Watu walikuwa wanakwenda kuzuru makaburi ya wapendwa wao na kuacha sarafu pale, pamoja na vijiwe vyeupe. Sarafu hiyohiyo, ukiiokota bila kuandika mahali, ni pesa ya shaba. Ukiijua ilikuwa juu ya kaburi, ni dua ya mtu, ni jamaa aliyekumbukwa. Kwa mwenye mashine asiyejali, zote mbili hutoa mlio mmoja.

Mfano wa upande wa pili uko mbali, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1944 mwanajeshi Maurie Isenberg, aliyepangiwa kituo katika visiwa vya Wessel, aliokota sarafu mchangani. Akaziweka katika mkebe, na mwaka 1979 akazipeleka zikachunguzwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Za Kilwa, kutoka hapa, ng'ambo ya bahari yote! Tangu hapo wamejiuliza zilifikaje: kwa jahazi la wafanyabiashara, kwa Wareno, kwa baharia aliyebeba mfukoni pesa zisizotumika tena, kwa merikebu iliyovunjika? Mwaka 2013 kundi la wataalamu lilikwenda likiwa na ramani aliyoichora Isenberg. Miaka karibu 70 ilikuwa imepita, na mchanga wa ufukweni hausubiri. Simlaumu mwanajeshi yule aliyekuwa vitani. Lakini sarafu tano hizo zingekuwa na uzito gani leo kama tungejua zililala karibu na nini!

Lazima pia niseme kuhusu rupia za Mjerumani, maana kwa wengi wetu neno detekta linakwenda na habari hizo. Katika mikoa mingi watu wamechimba kando ya maboma ya zamani, chini ya mibuyu, hata pembeni ya makaburi, wakiamini Wajerumani walifukia masanduku ya mali walipokimbia. Vijana wanauza ng'ombe na viwanja kununua mashine au kumlipa mwenye mashine. Juu yake wamekuja matapeli wanaosema rupia ya kweli huvuta punje za mchele na kwamba Wazungu wanaitafuta kwa mabilioni. Ndugu zangu, rupia ya Kijerumani ilitengenezwa kwa fedha. Fedha haivutwi na sumaku, na mchele hauvutwi na fedha. Anayekuonyesha punje zikirukia sarafu anakuonyesha mchezo, na mchezo huo umekula akiba za familia nyingi.

Historia yenyewe ina utajiri wa kweli, na haihitaji uongo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoziba bahari na sarafu hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Walitoa sarafu za shaba na za shaba ya njano kwa matumizi ya kila siku, na mwaka 1916 wakatoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Septemba mwaka huohuo Tabora ikachukuliwa na majeshi ya Wabelgiji. Watafutaji wenye pupa wanaochimbua maboma wanaharibu ushahidi wa mambo kama haya, nami ningependa kujua mengi zaidi juu ya mafundi waliosimama kwenye zile mashine za Tabora kuliko juu ya sanduku lolote la hadithi.

Sheria inasemaje? Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Malikale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vinalindwa, na kutafuta au kuchimba bila leseni ni kosa. Zanzibar ina sheria yake na idara yake. Kwa ndugu zetu wa Kenya ipo sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006: inahusu vitu vya kabla ya mwaka 1895, na aliyegundua kitu cha kale anapewa siku 7 kutoa taarifa. Kwa hiyo kutembea na detekta ndani ya magofu ya Kilwa, Kua au Gede kwa sababu tu unayo mashine hakuruhusiwi, na mimi naona ni sawa kusiruhusiwe.

Lakini katazo peke yake halitoshi, na hapa nasema kwa moyo wangu wote mbele ya viongozi waliokaa mstari wa mbele. Wanaookota sarafu nyingi huku pwani hawana mashine. Ni watoto baada ya mvua kubwa, ni kina mama wanaotafuta chaza, ni mkulima anayepalilia mihogo. Bahari inakula ufukwe wa Kisimani Mafia kila mwaka na kuacha vitu vya mji wa kale wazi. Watu hawa wakipata kitu wanakwenda kwa nani? Wengi wanahofu kwamba wakitoa taarifa watahojiwa kama wezi, au shamba litachukuliwa. Mwenye hofu huuza kwa mgeni wa kwanza anayepita, kwa bei ya chupa ya soda, na hasemi ametoa wapi.

Inawezekana kufanya vingine. Agosti 1983 moto uliteketeza majani ya uwanja wa vita wa Little Bighorn, Marekani, mahali ambapo kikosi cha jeshi la Marekani chini ya Custer kiliangamizwa na Walakota na Wacheyenne mwaka 1876. Mwaka uliofuata wanaakiolojia Richard Fox na Douglas Scott walipanga watu wa kujitolea, wenye detekta zao wenyewe, wakatembea kwa mistari. Mashine ilipolia hakuna aliyechimba. Waliweka kibendera. Wengine wakaja nyuma yao, wakafukua taratibu, wakaandika mahali kwa kipimo. Kisha maganda ya risasi yakachunguzwa alama ya kipigio, na bunduki moja ikafuatwa kutoka mlima hadi mlima. Simulizi za mashujaa wa Kilakota na Kicheyenne, zilizopuuzwa kwa miaka 100, zikaonekana kuwa na ukweli mwingi. Watu waleale waliokuwa wakihofiwa kama waporaji ndio waliofanya kazi hiyo.

Kwa nini isifanyike hivyo Kisimani, au kwenye viwanja vya vita vya mwaka 1914 hadi 1918 huko Lindi, kabla barabara na mashamba makubwa havijapita? Vijana wetu waliojifunza detekta machimboni Chunya na Geita wana masikio makali. Wapewe mafunzo, wapewe posho, watembee chini ya leseni ya wataalamu, na majina yao yaandikwe kwenye ripoti.

Na kwa leo, kwa yeyote atakayekuta sarafu shambani au ufukweni, nina maombi machache. Kama bado imekaa ardhini, iache, weka alama, piga picha ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa. Kama umekwisha kuiokota, andika siku ileile: karibu na nini, kina gani, ilikuwa na nini pembeni, kigae, mfupa, shanga. Usiisafishe. Najua nyumbani tunang'arisha sinia za shaba kwa limau na ukwaju zikapendeza, lakini kutu ya kijani ya sarafu ya miaka 700 ndiyo iliyoshika maandishi. Ukiitoa, vina vya mtawala vinatoka nayo. Funga kwenye karatasi kavu, peleka kwa ofisa malikale au kwa mtendaji wa kijiji, na udai jina lako liandikwe.

Kwa upande wa serikali naomba jambo dogo lenye gharama ndogo: kila ofisi ya kijiji, kuanzia Moa hadi Msimbati na visiwani kote, iwe na daftari moja na namba moja ya simu iliyobandikwa ukutani, na upande wa pili wa simu hiyo awepo mtu atakayesema asante kabla ya kuuliza swali lolote.